Kutoa kiini kwenye gome: majibu kwa barua zenu

Barua za safari hii zimetoka Maseno, Kakamega, Kibuye, Njoro, Bungoma, Molo na Kisumu mjini. Karibu zote zinauliza jambo moja: mmea unasifiwa kuwa dawa, sasa tutajuaje ni kemikali ipi ndani yake inayofanya kazi? Maswali mengine tumeyajibu kwa urefu na mengine kwa ufupi, kadiri yalivyohitaji.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Maseno na ninafanyia kazi gome la Warburgia ugandensis, mti ambao wengi huuita muthiga. Nililianika gome juani, nikalisaga kwenye posho mill ya jirani, kisha nikaliloweka kwa methanoli wiki nzima. Nimebaki na kitu cheusi kinachonata kama lami. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Hicho cheusi kiweke kando, uanze upya na gome jipya. Kuna mambo matatu yaliyokigeuza kabla hujaanza kukichunguza.

La kwanza ni jua. Gome hukaushwa kivulini, juu ya rafu ya wavu inayopitisha hewa chini na juu, likiwa limekatwa vipande vyembamba na kugeuzwa asubuhi na jioni. Jua huvukiza mafuta mepesi na kuvunja kemikali zisizostahimili mwanga. Mvua za Aprili na Mei zikishika, hewa ya huku kwetu ina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu kwenye gome kabla halijakauka. Wakati huo tumia oveni, isizidi nyuzi 40. Ukungu una kemikali zake, na baadhi huua bakteria. Usipoangalia utausifu mti kwa kazi ya ukungu. Utajua gome limekauka pale uzito wake unapobaki vile vile siku mbili mfululizo.

La pili ni posho mill. Kinu kile hupata moto na hakikosi unga wa mahindi ndani. Wanga na mafuta ya mahindi vitaingia kwenye sampuli yako, na unga wa gome utaingia kwenye ugali wa mteja anayefuata, jambo ambalo ni baya zaidi. Tumia kinu cha maabara au kinu na mchi, kisha upepete kwa chekeche ya matundu ya milimita 1. Usitafute unga laini kupita hapo, maana huziba karatasi ya kuchujia.

La tatu ndilo zito: methanoli, kiyeyushi ulichotumia kutolea kemikali. Ule ukali wa pilipili unaousikia ukitafuna gome la muthiga unatokana na kemikali za jamii ya drimani, zikiwemo poligodiali, warburganali na muzigadiali. Kila moja ina vikundi viwili vya aldehidi vilivyokaribiana, na methanoli huvishika vikageuka kuwa asetali. Ukililoweka gome humo wiki nzima unaweza kutenga kitu safi kabisa, ukakipima na kukichorea umbo, kumbe mti wenyewe haukuwa nacho. Warburganali na muzigadiali ziliripotiwa mwaka 1976 na 1977 na Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, waliokuwa wakitafuta kitu cha kuwazuia viwavijeshi kula mazao. Kilichowaongoza ni kiwavi mwenyewe: sehemu ya mchujo (kile kilichotolewa kwenye mmea kwa kiyeyushi) aliyokataa kula ndiyo waliyoendelea kuigawanya.

Basi fanya hivi. Pima gramu 500 za unga. Anza na heksani lita 2.5 kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, acha saa 24 ukitikisa mara kwa mara, chuja kwa pamba kwanza kisha kwa karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1. Rudia mara mbili kwa lita 1.5, kiasi kinapungua kwa sababu unga umeshalowa tayari. Acha unga ukauke usiku mzima ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, halafu rudia utaratibu ule ule kwa ethili asetati. Methanoli iwe ya mwisho kabisa, kwa ajili ya vitu vinavyopenda maji, na usiulaze unga humo zaidi ya siku moja kwa kila mzunguko. Drimani zako utazikuta kwenye heksani na ethili asetati.

Kwenye rotavapo, mashine ya kuvukiza kiyeyushi, maji ya beseni yasizidi nyuzi 40. Shida kubwa ya maabara za ukanda wa ziwa ni upande wa pili wa mashine: maji ya bomba yanayopoza koili yana uvuguvugu, hivyo mvuke wa heksani haurudi vizuri kuwa kimiminika na unaingia kwenye pampu. Ndoo ya maji yenye barafu na pampu ndogo ya kuyazungusha inamaliza tatizo hilo, tena inaokoa maji.

Pima flaski ikiwa tupu, uandike uzito wake kabla ya kumimina chochote. Tuseme flaski tupu ni gramu 148.32, na baada ya kuvukiza na kukausha ni 161.07. Mchujo ni gramu 12.75, sawa na asilimia 2.55 ya unga. Namba hii iandikwe kila hatua. Ukija kupoteza kitu kwenye kolamu (bomba la kioo lililojazwa unga wa silika wa kutenganisha kemikali), ndiyo pekee itakayokuonyesha kimepotelea wapi. Na ukiona uzito unazidi kushuka kila ukipima, kiyeyushi hakijaisha.

Hujatuambia kama ulihifadhi tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda, kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) yenye namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo hakuna jarida makini litakalokubali kazi yako, na mtu akija kuirudia hatajua ulitumia mti gani. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kuchukua sampuli za viumbe kwa utafiti wa aina hii kunahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006. Na ukiingia msitu wa Kakamega kuna ruhusa ya wanaousimamia. Unapochuna, usizungushe kisu shina zima, maana mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Chuna ukanda mwembamba wa upande mmoja, au tumia matawi. Bora zaidi, pima majani kwanza. Nayo yana ule ukali, na mti unaendelea kuishi.

SWALI: Mimi ni fundi wa maabara Kakamega. Kolamu yangu ya silika hupasuka katikati ya kazi, na hata isipopasuka kila sehemu ninayokusanya ina madoa manne au matano kwenye bamba la kupimia. Nimeweka gramu 5 za mchujo juu ya gramu 60 za silika, natumia diklorometheni na kuiongezea methanoli. – Fundi, Kakamega

JIBU: Ndugu fundi, mipasuko na madoa ni matatizo mawili tofauti.

Mipasuko inaletwa na mapovu. Diklorometheni huchemka karibu nyuzi 40 usawa wa bahari, lakini Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu na huko huchemka karibu nyuzi 35. Sasa, silika hutoa joto inapokutana na kiyeyushi chenye nguvu kuliko kile kilichotangulia. Chumba kikiwa na nyuzi 27 mchana, ukimwaga methanoli asilimia 10 kwa mpigo mmoja, ndani ya kolamu tayari kunachemka. Povu likishatengeneza ufa, kiyeyushi hupita hapo na utenganishaji umekwisha. Dawa yake ni kuhamia heksani na ethili asetati, kupandisha nguvu hatua kwa hatua, na kufanya kazi asubuhi kabla chumba hakijapata joto.

Madoa mengi yanatokana na silika kidogo. Gramu 60 kwa gramu 5 ni mara 12 tu, nayo inafaa kugawanya mchujo mafungu makubwa, haitoi kitu safi. Anza na mara 50: gramu 250 za silika ya chembe za milimita 0.063 hadi 0.200, kwenye kolamu yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 4. Itasimama kama sentimita 40. Unapopima silika kavu vaa barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Kabla ya kolamu, bamba la TLC: bamba jembamba lililopakwa silika, ambapo kiyeyushi kikipanda hutenganisha kemikali kuwa madoa. Hapa ndipo watu wanapoharakisha na hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa. Yeyusha miligramu 10 za mchujo kwenye mililita 1. Chora mstari wa penseli sentimita 1 kutoka chini (kalamu ya wino itapanda na kiyeyushi), weka doa lisilozidi milimita 2, na hakikisha kiyeyushi ndani ya chupa hakifiki mstari. Bitana ya karatasi ya kuchujia ndani ya chupa, ikilowa dakika 15 kabla, huzuia madoa kupanda yamejipinda. Toa bamba kiyeyushi kikifika sentimita 1 kutoka juu, weka alama papo hapo, kausha, angalia chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 kisha 365, halafu nyunyizia vanilini: gramu 1 ndani ya mililita 95 za ethanoli, na mililita 5 za asidi ya salfuriki zikitiwa polepole flaski ikiwa juu ya barafu. Pasha moto nyuzi 105 kwa dakika 3 hadi 5. Terpeni nyingi, jamii yenye drimani ndani yake, zitajitokeza kwa zambarau au bluu, na baadhi yake taa haikukuonyesha chochote. Anayetegemea taa peke yake hutupa nusu ya mali yake bila kujua.

Tafuta mchanganyiko wa heksani na ethili asetati unaoliacha doa unalolitaka kati ya 0.2 na 0.3 ya urefu ambao kiyeyushi kimesafiri. Likifika 0.6 kwenye bamba, kwenye kolamu litatoka likikimbizana na wenzake. Kolamu ianze na kiyeyushi dhaifu kuliko hicho.

Kuijaza: koroga silika kwenye heksani mpaka iwe uji mwepesi, imimine bila kusimama, gongagonga ukuta wa kolamu kwa mpira huku bomba la chini likiwa wazi. Mchujo usiumimine ukiwa majimaji. Uyeyushe, uchanganye na gramu 10 za silika, vukiza mpaka upate unga unaotiririka bila kushikana, uuweke juu ukiwa umesawazishwa, kisha mchanga safi sentimita 1. Hapo mimina heksani polepole na usiruhusu kiyeyushi kishuke chini ya mchanga hata mara moja. Endelea na ethili asetati asilimia 5, 10, 20, 30, 50, kila hatua lita 1 hivi, kwa mwendo utakaokuwezesha kumaliza siku hiyo hiyo, ukikusanya mililita 50 kila chupa. Usiifunge ukaenda kulala. Kolamu iliyosimama usiku mzima inaacha mikanda iliyokaribiana itawanyike na kuingiliana.

Chupa zinazofanana kwenye TLC ziunganishe, pima, andika. Fungu lenye madoa mawili litaenda kwenye kolamu ndogo ya silika laini ya milimita 0.040 hadi 0.063, au kwenye Sephadex LH-20 (chembe za jeli zinazojazwa kwenye kolamu badala ya silika) kama tatizo ni klorofili na tanini. LH-20 ni ghali, lakini huoshwa na kutumika tena na tena, na kwa maabara ndogo tunaona ni matumizi mazuri ya fedha kuliko mabamba mengi ya kukwangua. Ukiona fungu limeanza kutoa fuwele, achana na kolamu. Liyeyushe kwa ethili asetati ya moto kidogo iwezekanavyo, dondoshea heksani mpaka kimiminika kianze kufifia kama wingu, funika kwa foili yenye vitundu, uiache itulie mpaka kesho yake.

SWALI: Salamu. Nauza dawa za miti shamba soko la Kibuye. Mtu wa chuo alipima dawa yangu akanipa karatasi inayosema ina alkaloidi, flavonoidi, saponini na tanini. Je, nikiibandika dukani nimethibitisha dawa inaponya? – Mama wa dawa, Kibuye

JIBU: Hapana, mama. Vipimo vile vya rangi vinataja jamii za kemikali, haviitaji kemikali yenyewe wala kazi yake. Tanini zimo kwenye majani ya chai unayokunywa asubuhi. Alkaloidi ni jamii yenye kwinini inayotibu malaria, na pia strikinini inayoua mtu. Karatasi hiyo inamwambia mtafiti aelekee wapi. Haimwambii mgonjwa chochote kuhusu kupona, dozi au madhara.

Kuna jambo lingine hukuuliza lakini linakuhusu sana. Kabla hujampa mtu wa chuo mmea na maelezo ya matumizi yake, kaeni mwandikiane: maarifa ni ya nani, jina lenu litatajwa vipi, na kikipatikana cha kuuza mtagawana nini. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na makubaliano ya mdomo ni magumu kuyatetea. Mtafiti mwenye nia njema hatakasirika ukiomba karatasi.

SWALI: Mchujo wangu ghafi uliua bakteria wa Staphylococcus aureus vizuri sana. Baada ya kolamu, hakuna fungu hata moja linaloua. Msimamizi anasema nimekosea kupima, mimi nadhani kemikali imeharibika. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Njoro

JIBU: Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, na kuna vipimo vya kuamua.

Kwanza jumlisha uzito. Uliweka gramu ngapi, na mafungu yote pamoja ni gramu ngapi? Ikiwa uliweka 5 na umepata 3.1, basi karibu gramu 2 bado zimekaa kwenye silika. Ioshe kwa methanoli na upime kilichotoka. Pili, changanya mafungu yote kwa uwiano ule ule yaliotoka nao, upime mchanganyiko huo kama mchujo mmoja. Nguvu ikirudi, dawa haikuharibika: kazi inafanywa na kemikali mbili au zaidi kwa pamoja, au kemikali moja imetawanyika kwenye mafungu mengi ikawa kidogo kila mahali. Isiporudi, shuku silika.

Silika ina asidi kidogo na huvunja vitu dhaifu. Kuijaribu kunahitaji bamba moja la mraba. Weka doa la mchujo pembeni, liendeshe upande mmoja, liache bamba saa 2 likiwa kavu, lizungushe robo na uliendeshe tena kwa kiyeyushi kile kile. Kitu kisichovunjika kitakaa kwenye mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Doa lolote lililo nje ya mshazari limezaliwa juu ya bamba. Ukiliona, acha silika na uende LH-20.

Sasa upimaji wenyewe. Kama ulitumia vidisk vya karatasi kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), hapo msimamizi wako ana hoja nzito. Kitu kisichopenda maji hakisambai kwenye agari. Kinakaa chini ya kidisk, bakteria wanaota pembeni, na wewe unaandika sifuri. Mchujo ghafi una vitu vingine vinavyokisaidia kusambaa; kikishakuwa safi kinakosa msaada huo. Hama kwenye sahani ya visima 96.

Yeyusha mafungu kwenye DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji, kwa miligramu 100 kwa mililita, kisha punguza mara 50 kwa mchuzi wa Mueller-Hinton, chakula cha bakteria, upate miligramu 2 kwa mililita zenye DMSO asilimia 2. Tia mikrolita 100 za mchuzi mtupu kwenye kila kisima. Ongeza mikrolita 100 za dawa kwenye kisima cha kwanza, changanya, hamisha 100 kwenda cha pili, na kuendelea. 100 za mwisho zimwage. Bakteria walingane na wingu la 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye kimiminika), ambao ni karibu milioni 150 kwa mililita, upunguze mara 150, utie mikrolita 100 kila kisima. Kisima cha kwanza sasa kina mikrogramu 500 kwa mililita na DMSO asilimia 0.5, na bakteria ni karibu 500,000 kwa mililita. Atamia nyuzi 37 kwa saa 18, kisha ongeza mikrolita 30 za resazurini, rangi inayoonyesha uhai, ya asilimia 0.015 na usubiri saa 2 hadi 4. Bluu inayobaki bluu inaonyesha hakuna waliokua. Ikigeuka waridi wapo hai.

Visima vya kulinganishia visiachwe: mchuzi peke yake, bakteria peke yao, bakteria na DMSO ile ile, bakteria na antibayotiki inayojulikana, na mwisho dawa bila bakteria. Hicho cha mwisho ndicho wengi husahau. Michujo yenye tanini na fenoli inaweza kugeuza resazurini kuwa waridi yenyewe, ukadhani bakteria wamekua kumbe hakuna hata mmoja. Tumia S. aureus wa aina ya kulinganishia, ATCC 29213, ambaye viwango vyake vya antibayotiki vinajulikana. Antibayotiki yako ikitoa namba nje ya kiwango, siku hiyo yote haihesabiki.

Matokeo yasomeni kwa ukali. Mchujo ghafi unaozuia bakteria chini ya mikrogramu 100 kwa mililita unastahili kufuatiliwa. Unaohitaji zaidi ya 1,000 usipoteze nao silika. Kemikali safi tunaitazamia ifike 10 au chini. Na usitangaze chochote kabla ya kuipima dhidi ya seli za mamalia, kwa mfano seli za Vero, zinazotokana na figo ya nyani. Gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa kile kinachozuia kimelea. Ikiwa jibu ni 1 au 2, umepata sumu ya wote. Tunaanza kusisimka likizidi 10.

SWALI: Nafundisha kemia sekondari Bungoma. Hatuna silika wala rotavapo. Kuna la kuwaonyesha wanafunzi? – Mwalimu, Bungoma

JIBU: Lipo, mwalimu. Majani ya titonia, yale maua ya manjano machungu yaliyojaa kwenye ua za huku magharibi, yapondeni na spiriti kidogo mpaka iwe kijani iliyokolea. Dondosha mara kadhaa mahali pamoja kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, ukiacha ikauke kila mara, kisha simamisha ukanda kwenye glasi yenye spiriti ya nusu sentimita. Rangi za kijani na manjano zitaachana. Spiriti ikae mbali na moto. Kwa saponini, chemsha nusu gramu ya unga wa jani kwa mililita 10 za maji, acha ipoe, tikisa kwa nguvu: povu linalodumu dakika 10 au zaidi ni dalili nzuri. Asiwepo wa kuonja.

SWALI: Nalima artemisia huku Molo. Naweza kuuza chai yake kama dawa ya malaria, kwa kuwa dawa za hospitali zinatengenezwa na mmea huo huo? – Mkulima, Molo

JIBU: Tafadhali usiuze. Hospitali haitoi mmea. Inatoa kemikali iliyotengwa, ikabadilishwa na kupimwa. Kidonge cha kawaida cha artemetha na lumefantrini kina miligramu 20 za moja na 120 za nyingine, kila kidonge sawa na mwenzake. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake kwenye jani hubadilika kwa mbegu, msimu na namna ya kukausha. Kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Vimelea vinavyopewa dozi isiyotosha vinabaki hai na kuzoea, na mtoto aliyepewa chai badala ya dawa anaweza kufa ndani ya siku chache. Shirika la Afya Duniani halipendekezi artemisia isiyo ya kiwandani kwa kutibu wala kuzuia malaria.

Hiyo ni Artemisia annua. Ile artemisia inayoota yenyewe milimani kwetu ni Artemisia afra, na haitegemewi kwa artemisinini hata kidogo. Kwa anayependa upande wa maabara: Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuacha kuchemsha mmea na kutumia etha kwa joto la chini. Anayetaka kuiga hilo akumbuke kwamba Nakuru, mita 1,850 juu, etha huchemka karibu nyuzi 28. Ni joto la mchana wa kawaida, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ya swichi.

SWALI: Nilipata miligramu 6 za mafuta yasiyo na rangi kutoka gome la muthiga, doa moja tu kwenye TLC. Nililipia NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha umbo la kemikali. Jibu limerudi na mawimbi karibu na 7.7, 7.5, 4.2, na rundo chini ya 2. Hii ni drimani gani? – Mtafiti kijana, Kisumu

JIBU: Hiyo si drimani. Ni fthaleti, kilainishi cha plastiki. Mawimbi mawili ya 7.7 na 7.5 yenye protoni (atomi za hidrojeni) mbili kila moja, na la 4.2 lenye protoni nne, ndiyo alama yake. Kwenye spektrometa ya masi, mashine inayovunja molekuli kwa elektroni na kupima uzito wa vipande, utaona kilele kikubwa cha 149. Poligodiali ingekuonyesha aldehidi mbili karibu na 9.5 na protoni ya kifungo maradufu cha kaboni karibu na 7.1. Kama ungekuwa umeigeuza kwa methanoli, zile za 9.5 zingetoweka na methoksi kujitokeza kati ya 3.3 na 3.5.

Imetoka wapi? Mipira ya plastiki, chupa za kuoshea, vifuniko vyenye bitana laini, na zaidi ya vyote viyeyushi vilivyonunuliwa kwa madumu ya plastiki. Lita 5 za heksani chafu zikivukizwa hadi mililita 1 zinakusanya fthaleti yote kwa mpigo mmoja. Nunua kwenye chupa za kioo au ukeneke mwenyewe, kisha vukiza lita 1 tupu, bila mmea, na uiweke kwenye TLC pembeni ya sampuli. Doa likijirudia hapo, umeshajua chanzo. Gharama yake haifiki hata robo ya NMR moja.

Kabla ya kutuma tena, liendeshe doa lako katika mifumo mitatu ya viyeyushi vya aina tofauti, si mmoja. Kitu kinachobaki doa moja kote kina nafasi nzuri ya kuwa safi. Kikaushe kwenye pampu usiku kucha, la sivyo ethili asetati itajaza 4.12, 2.05 na 1.26. Usipake grisi kwenye viungio vya vioo, maana nayo inatokea 1.26 na 0.86. Miligramu 5 zinatosha kwa protoni. Kwa kaboni-13 na vipimo vya pande mbili jitahidi upate 10 hadi 20. Tumia kichupa cha kioo chenye kifuniko kilichofunikwa foili au Teflon, andika uzito wake tupu na uliojaa juu ya lebo, na ubakize nyumbani angalau theluthi moja ya sampuli, ndani ya friji, gizani.